Mtama Mfupi na Tarehe ya Kupanda
(Mada kwa wakazi wa kata)

Aina nyingi za mtama wa asili, ule mrefu, huchanua kwa kufuata urefu wa usiku. Hata ukipandwa Novemba, hungoja mpaka mchana ufupike, mvua zikielekea kukoma Aprili, ndipo hutoa masuke. Desturi hiyo iliwafaa wazee, kwa kuwa punje zilikauka juani. Lakini mwaka ambao mvua hukatika mapema, mtama huo hukutwa ungali majani, na ghala hubaki tupu.

Watafiti walianzia hapo. Mwaka 1963 Wamarekani walianza kuchavusha mitama mirefu ya nchi za joto, mingi ikitoka Afrika, pamoja na mitama mifupi, ili wapate mbegu isiyongoja siku fupi. Huku kwetu, kituo cha Serere nchini Uganda kilitoa Serena, na kile cha Ilonga, Kilosa, kikatoa Tegemeo. Mwaka 1999 Tanzania iliidhinisha Macia, mtama mweupe mfupi unaokomaa kwa miezi minne kasoro. Mwaka 2002 zikafuata Wahi na Hakika, zinazostahimili kiduha. Hizo mbili zilitokana na kazi ya Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Purdue.

Lipo jambo ambalo mfuko wa mbegu hausemi. Mtama mfupi haungoji mtu. Mkulima wa Muze au Mtowisa akiupanda Novemba kwa mazoea, utakomaa Machi, mvua ingali inanyesha. Punje zitaota ukungu zikiwa bado sukeni, na kweleakwelea watalivamia shamba hilo kwa sababu limetangulia mengine yote. Hapo lawama huiangukia mbegu, kumbe kosa ni la tarehe. Mkulima na ahesabu kurudi nyuma tangu mvua zinapokoma bondeni. Kwa Macia, hesabu hiyo humfikisha mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari.

Kwa wakazi wa Laela na Mpui, juu uwandani, shauri ni jingine. Mbegu zilizotajwa ziliteuliwa kwa nchi za joto. Baridi ikiupata mtama wakati chavua inapojijenga, suke hutoka zuri kwa macho lakini bila punje. Huko ulezi wa Wafipa bado una haki ya shamba lake, na anayetaka kujaribu mtama aanze na kipande kidogo, baada ya kuonana na afisa ugani.

Mbegu ya kununua iwe na lebo ya TOSCI. Macia si chotara, hivyo mkulima aweza kujiwekea mbegu yake mwenyewe: ateue masuke ya katikati ya shamba, mbali na mtama mrefu wa jirani, maana chavua husafiri na upepo. Na ule mrefu wa asili usitupwe; kibuyu kimoja kihifadhiwe, kwa kuwa watafiti hurudi kwenye mbegu kama hizo kila wanapotafuta ustahimilivu mpya.