Mzazi Askari Akiwa Ng'ambo, Kijiji Kifanye Nini?



Tumeombwa tuseme machache juu ya nyumba ambazo baba au mama ni askari jeshi na ametumwa ng'ambo. Wengine mtasema hiyo ni kazi ya serikali. La, ni kazi ya kijiji pia. Askari anapanda ndege, lakini watoto wake wanabaki hapa kwetu.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1989 wanajeshi wa Kenya walikwenda Namibia chini ya Umoja wa Mataifa, nchi hiyo ikijiandaa kupata uhuru. Mwaka 1992 wengine walipelekwa Croatia, nchi iliyotoka katika Yugoslavia. Mwaka 2011 jeshi letu liliingia Somalia, na Januari 2016, kambi ya El Adde iliposhambuliwa, nyumba nyingi za Kenya zililia. Zamani tulingoja barua, sasa kuna simu. Lakini hofu ni ile ile.

Tumeketi na wazazi waliokwenda na kurudi. Hatari si neno la kwanza wanalosema. Wanasema juu ya mtoto. Mzazi aliondoka mtoto akitambaa, akarudi mtoto anakimbia kujificha nyuma ya nyanya yake. Wanasema pia juu ya simu za nyumbani: karo, mbolea, mabati, bila hata swali moja la "unalala vipi huko?" Naye aliyebaki ana lake: amekuwa baba na mama, ameamua kila kitu peke yake, kisha mwenzake anarudi na kutoa amri kama yuko kambini. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa.

Basi tufanye nini? Mambo ni manne.

Kwanza, kabla ya safari, bwana na bibi wakae chini. Pesa zitapitia wapi? Nani atazitoa? Ngapi ni za chakula, ngapi za karo, ngapi za akiba? Yaandikwe. Askari ahakikishe pia kwamba majina ya mwenzake na watoto yameandikwa sawasawa kambini. Ni neno gumu kusema, lakini mjane ambaye jina lake halimo hutaabika sana.

Pili, mtoto aambiwe ukweli unaolingana na umri wake. Usimwambie baba ameenda sokoni, atarudi jioni. Akishangoja jioni nyingi, hataamini hata ukweli. Aone picha, asikie sauti kwenye simu, na daftari zake za shule ziwekwe ili mzazi azione akirudi.

Tatu, ni sisi wanakikundi. Tusiseme, "Huyo ana pesa za jeshi, hahitaji mtu." Pesa hazishiki jembe, wala hazikeshi na mtoto mgonjwa. Wanachama wawili wamtembelee, wasaidie wakati wa kupalilia na kuvuna. Na tuchunge ndimi! Kuna watu hupiga simu ng'ambo kusema mke wa fulani ameonekana na fulani. Fikirini, yule anayepokea habari hiyo yuko zamu usiku, bunduki mkononi, na hana njia ya kuja kuuliza. Umbea wa namna hiyo unaweza kuua.

Nne, akirudi, tusimkimbilie siku ya kwanza na kadi za harambee. Apumzike, ajue watoto wake tena pole pole. Kama miezi inapita na bado halali, anashtuka ovyo, anakunywa kupita kiasi au anajitenga, tusikimbilie kusema amerogwa. Vita huumiza akili kama vinavyoumiza mguu. Apelekwe kwa daktari. Jeshini pia kuna madaktari na makasisi. Na kama anapiga watu nyumbani, mwenzake asinyamaze kwa aibu. Aje kwetu, au aende kwa chifu, mapema.

Katika mkutano wenu ujao, mwenyekiti aulize maswali mawili. Kijijini mwetu ni nyumba ngapi zina mzazi askari aliye mbali? Na nani amezitembelea tangu mavuno yaliyopita? Katibu aandike majibu, pamoja na majina ya wawili watakaokwenda juma lile lile.