Matofali Yaliyoyeyuka Yalikuwa Jasho Letu

(Maneno yaliyosemwa kwenye kikao cha ndani cha vijana, Rujewa, wilayani Mbarali.)

 

Najua tukikutana hapa tumezoea kuzungumza katiba na tume huru. Leo nataka tuzungumze tofali. Msicheke. Hivi humu ndani kuna kijana wa Mbarali ambaye hajawahi kufyatua tofali? Anyooshe mkono. Mnaona?

Nianze na nililoliona kwa macho yangu. Kijiji kimoja, sikitaji, tuliitwa kwenye nguvu za wananchi tujenge madarasa. Kila kaya ikapangiwa matofali, asiyefyatua alipe. Tukachimba udongo, akina mama wakasomba maji kichwani. Tukayapanga mabichi, tukaambiwa subirini, kuni na fundi wa kuchoma vinakuja. Agosti ikapita, Oktoba ikapita. Mvua za Desemba zilipopiga, yote yakarudi kuwa tope. Mwaka uliofuata tukaitwa tena: kila kaya ilete matofali! Na hakuna kiongozi aliyeulizwa ya kwanza yalikwenda wapi.

Jamani, ile ndiyo taka ya ujenzi. Ukisema taka, watu wanafikiria mifuko mitupu ya saruji na vipande vya mbao. Hivyo vipo, tuvizoe. Lakini taka kubwa kwetu ni jasho lililoyeyuka, na maboma yanayosimama bila paa mpaka nyasi zinaota ndani. Tofali likiharibika, udongo ulishachimbwa, maji yalishamwagwa. Linalobaki ni shimo limejaa mbu, na mtoto anaweza kutumbukia.

Sasa kumbukeni tunaishi wapi. Hapa ni Usangu. Tangu miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi kule hifadhini. Sababu ni nyingi, simbebeshi mchoma tofali mzigo wote. Huyo ni mwenzetu, anatafuta ugali wa watoto. Lakini kila gogo linaloingia tanurini limetoka porini kwetu, na pori halirudi haraka kama mpunga. Wakati huohuo, kwenye mashine za kukoboa, pumba zimelala kama vilima. Wapo mafundi wanaochomea pumba hizo. Zinawaka taratibu, zinataka uvumilivu, lakini tofali linaiva na mti unabaki umesimama. Kabla hujanunua tripu ya magogo, nenda kaulize pumba.

Ipo na njia ya kutochoma kabisa: matofali ya kufungamana. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza kwa miaka mingi. Unachanganya udongo na saruji kidogo, kama sehemu moja ya saruji kwa kumi za udongo, unashindilia kwa mashine ya mkono. Tofali linaingia ndani ya mwenzake, kwa hiyo udongo wa kujengea, yaani mota, unatumika kidogo sana.

Nisiwadanganye, yana masharti. Udongo mweusi wa mbugani haufai, unavimba na kupasuka. Pima kwanza: weka udongo kwenye chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukiwa mwingi, ongeza mchanga. Na ukishafyatua, funika, mwagilia kwa wiki nzima. Ukiharakisha, umetengeneza kifusi.

Mtaniuliza, mashine tunapata wapi? Hapo ndipo siasa inapoingia. Sheria tangu 2018 inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ikasimamishwa, 2024 ikarudi. Ile hela si hisani ya mtu, wala haiulizi kadi ya chama. Undeni vikundi, andikeni maombi, na mkinyimwa, dai sababu kwa maandishi.

La pili, miradi ya shule na zahanati ina kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Ingieni humo. Saruji ikishushwa, hesabuni mifuko. Ukuta ukiisha, ulizeni kilichobaki kiko wapi. Matofali yaliyovunjika yapondwe, yajaze chini ya sakafu, badala ya kununua tripu ya kifusi.

La tatu, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu. Simama pale, uliza kwa heshima: kabla hatujafyatua, hela ya kuchoma na ya bati ipo? Kama haipo, mnatuitia nini? Swali hilo moja lingeokoa matofali ya kijiji kizima.

Makamanda, chama kinachotaka kuongoza nchi kianze kwa kuonyesha kinaweza kutunza tofali la maskini. Tusisubiri uchaguzi. Kiangazi hiki, kila tawi lihesabu maboma ya eneo lake: lilianza lini, limekwama wapi, nani aliahidi nini. Tuiweke orodha hiyo mezani kwa diwani, awe wa chama chochote. Akijibu, tutamshukuru. Asipojibu, tutaisoma mbele ya wananchi waliofyatua.