Hodi Kwanza, Mahema Baadaye

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kilangala)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya matayarisho ya safari ya Tendaguru, ambako Umoja wetu unakusudia kupeleka wanafunzi 40 na wasimamizi 5, wapige kambi kwa siku tatu.

Tendaguru ni kilima kilichoko bara ya Lindi, kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walisimamia uchimbaji wa mifupa ya dinosaria walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Nasema walisimamia, kwa sababu waliochimba ni wazee wetu. Ilifika wakati wafanyakazi walikuwa kiasi cha 500. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilitoka kule porini hadi bandari ya Lindi zikichukuliwa vichwani na mabegani. Mnyama mmoja katika hao, mwenye kimo cha mita 13.27, amesimama katika jumba la makumbusho mjini Berlin tangu mwaka 1937.

Kazi ile ilianza miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kuisha, watu wakiwa bado wanauguza majeraha ya vita na njaa. Serikali ya kikoloni iliihesabu ardhi ile kuwa mali yake. Wenyeji hawakuulizwa kama wanaridhika.

Ndugu zangu, hapo ndipo ilipo hoja yangu. Nimeiona orodha ya matayarisho. Inaanza na mahema, inafuata na magari, inaishia na sufuria. Wenye ardhi hawamo. Baadhi ya wajumbe wanasema barua kutoka wilayani itatosha. Mimi ni mtumishi wa serikali, na barua naziheshimu. Lakini barua ya wilaya haiwi hodi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Basi jambo la kwanza ni kutuma wajumbe wawili kwa Mwenyekiti wa Kijiji na wazee wake, mapema, wakaeleze sisi ni nani, tunakuja lini, tutalala wapi na tutaondoka lini. Wakisema mahali fulani pasikanyagwe, tusipakanyage. Wakisema mwezi huu haufai, tungoje.

La pili ni maji. Twende wakati wa kiangazi, maana masika barabara za bara hazipitiki kwa urahisi. Lakini kiangazi ndipo visima vya vijijini vinapopungua. Tukikadiria lita 5 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, watu 45 kwa siku tatu watahitaji lita 675, yaani madumu 34 ya lita 20. Tuyachukue wenyewe. Mgeni hamalizi kisima cha mwenyeji wake. Muhogo, kuku na kuni tununue palepale, na waongoza njia tuwaajiri palepale, kwa malipo tuliyopatana kabla.

La tatu ni afya. Waingereza walipokuja kuchimba Tendaguru mwaka 1924, kiongozi wao, William Cutler, alifariki kwa malaria mjini Lindi mwaka uliofuata. Kila mwanafunzi awe na chandarua, na tuwe na mtu wa huduma ya kwanza. Juu ya nyoka na wanyama wa porini tuwasikilize wenyeji. Wao ndio wanaojua njia zao.

La nne nawaambia nyinyi vijana. Mkiona mfupa, utazameni, mpigeni picha, muuache. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuchimba mabaki hayo bila kibali. Tunajadili leo mifupa iliyoko Berlin. Hatuwezi kufanya hivyo huku tumeficha vipande kwenye mikoba.

Badala ya mifupa, rudini na maneno. Katika mamia ya waliofanya kazi ile, jina linalotajwa mara nyingi ni la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji. Wengi wa waliobaki, vitabu vinawaita wapagazi tu. Waulizeni wazee wa kijiji babu zao walisimulia nini, yaandikeni, na nakala moja muiache ofisi ya kijiji kabla ya kuondoka.

Ndugu Mwenyekiti, naomba basi mkutano huu uagize kwamba fedha za mahema zisitolewe mpaka jibu la kijiji lifike.