Bunduki ya .22 na Alama Zake: Mhadhara wa Umma, Majengo, Nyeri



Mji huu wa Nyeri ulianza kwa bunduki. Mwishoni mwa 1902, baada ya vita vya Tetu, afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen na askari wake wa Keya (King's African Rifles) walijenga boma hapa. Mwaka 1954 Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau, alihukumiwa kifo hapa Nyeri, na miongoni mwa mashtaka yake lilikuwa lile la kupatikana na risasi mbili. Baadaye adhabu hiyo ilipunguzwa. Novemba 1956 Dedan Kimathi, kiongozi mwingine wa Mau Mau, alisimama mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor kwa ajili ya bastola ya Webley Scott ya .38. Basi kuuliza "hiki ni chombo gani?" hapa kwetu hakujawahi kuwa mchezo wa wapenda vitu vya kale. Leo nitaanza na chombo ambacho watu hukidharau: bunduki ya .22 ya kulengea shabaha.

Risasi ya .303, ile ya bunduki za vita za Uingereza, ina fataki katikati ya kitako chake. Ya .22 haina. Kemikali ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda. Pini hugonga pembeni, ukingo hubonyea, moto huwaka. Okota ganda lililokwisha kupigwa uligeuze: kovu liko ukingoni, na ganda halijazwi tena. Aina ya .22 Long Rifle, ambayo bado inauzwa, ilitoka Marekani mwaka 1887.

Sasa tuje kwenye mtego: .22 inayofanana na bunduki ya vita. Jeshi la Uingereza lilikuwa na maelfu ya bunduki za Lee-Enfield na risasi za .303 zilikuwa ghali kwa mazoezi. Mwaka 1921 likaidhinisha mtindo wa .22 wenye umbo lilelile, ambao tangu 1926 uliitwa No. 2 Mark IV. Kwa mbali huwezi kuutofautisha na ule wa vitani. Una bolti ileile, shingo ileile ya kitako, hata pua ya kufungia singe ipo. Lakini hupakia risasi moja moja, na magazini yake haina springi; ni kisanduku kitupu cha kudakia maganda. Fungua bolti utazame kichwa chake: pini imesogezwa ili ipige ukingo.

Halafu kuna nyota mwishoni mwa jina. Mark IV, bila nyota, ilipewa mtutu mpya wa .22. Mark IV* ilipewa mtutu mkuukuu wa .303 uliotobolewa na kuvishwa mrija wa .22 ndani. Washa tochi mdomoni mwa mtutu; mara nyingi utaona duara jembamba pale mrija unapokutana na chuma cha zamani. Mimi huamini duara hilo kuliko hati yoyote ya muuzaji.

Tena usiukimbilie mwaka uliochongwa upande wa kulia wa shingo, chini ya taji. Ukisoma 1916, hiyo ni tarehe ya kuzaliwa kwa mwili wa bunduki, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Huenda iligeuzwa kuwa .22 miaka kumi baadaye. Karibu na mwaka utakuta kiwanda: Enfield, BSA ya Birmingham, Lithgow ya Australia, au Ishapore ya India.

Ndugu yake wa michezo ni Martini-International ya BSA. Hii haina bolti. Unasukuma chini mkono ulio nyuma ya kifyatulio, kizibo kinashuka mbele, chemba inakuwa wazi, kama ilivyokuwa kwa Martini-Henry ya 1871. Mark I ilitoka 1950, Mark II 1953, Mark III 1959. Kuitambua ya tatu chukua karatasi uipitishe kati ya mtutu na ubao wa mbele: ubao umeshikwa na mwili wa bunduki, mtutu haugusi kitu. Vitako hubadilishwa kila mara, kwa hiyo mbao si ushahidi.

Hata kibati cha fedha kitakoni kina mipaka kama ushahidi. Mwindaji Jim Corbett, aliyezikwa hapa Nyeri 1955, alikuwa na Rigby ya .275 yenye kibati cha kumbukumbu ya kumuua chui-milia wa Champawat, India, mwaka 1907. Kibati ni pambo la kuongezwa. Hakitoshi bila alama za chuma chenyewe. Na hiyo .275 ni 7x57 ya Mauser kwa jina la Kiingereza, jambo linalowachanganya wengi.

Kazi ngumu kuliko zote ni bunduki zilizoundwa na wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mtutu ni bomba la maji, bolti ni komeo la mlango, springi ni ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Hazina taji wala namba, na hakuna mbili zinazofanana. Kwa sheria ya wakati ule zilitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Mwanahistoria David Anderson amehesabu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau ya kila aina. Leo kibao cha makumbusho kikisema tu "bunduki ya kienyeji" hakijasema kitu. Pima upana wa bomba kwa ndani, hesabu nyuzi za parafujo mwishoni mwake, angalia komeo limekatwa kwa msumeno au tupa, andika risasi gani inaingia. Hapo tutaanza kuona bunduki zipi zilitoka kwenye mikono ya fundi mmoja.