PINTO ALILISHA WATOTO WA WENZAKE, WAKE WAKAACHWA YATIMA

Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa chama jijini Nairobi, katika kumkumbuka marehemu Pio Gama Pinto. Tunayachapa kwa faida yako msomaji ambaye hukuwepo.



Nimepewa kazi ya kumkumbuka mtu. Si kazi rahisi, maana nchi hii imezoea kuwakumbuka watu kwa namna moja tu. Ifikapo Oktoba 20 tunakusanywa uwanjani, wakubwa wanakaa kivulini, sisi tunasimama juani, bendi inapigwa, kisha tunarudi nyumbani na njaa yetu. Pinto hakuwa mtu wa bendi. Ukimtafuta jukwaani hutampata. Mtafute katika zile nyumba ambazo baba alikuwa kizuizini na unga umekwisha.

Najua kuna mmoja hapa ananong'ona: "Huyu si Mhindi? Anatuhusu nini?" Nitamjibu. Pinto alizaliwa hapa hapa Nairobi tarehe 31 Machi 1927. Wazazi wake walitoka Goa, nchi iliyokuwa chini ya Wareno mpaka mwaka 1961. Akiwa mtoto alipelekwa India kusoma, na huko huko akajiingiza katika harakati za kuwang'oa Wareno. Wareno wakaanza kumwinda. Mwaka 1949 akarudi Kenya, kijana wa miaka 22, hana mali, amemkimbia mkoloni mmoja na kuingia mikononi mwa mwingine. Angeweza kukaa kimya kama walivyokaa wengi wa rangi yake, maana mkoloni alikuwa amewaweka daraja moja juu ya Mwafrika makusudi, ili wasipige kelele. Yeye akapiga kelele. Akawa mwandishi wa habari, akajiunga na wapigania uhuru na watetezi wa wafanyakazi.

Oktoba 1952 Gavana Baring akatangaza Hali ya Hatari. Jomo Kenyatta na wenzake wakazolewa usiku mmoja. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu tukizungumza Mau Mau tunazungumza msitu tu: bunduki, nywele ndefu, mapango. Hatuulizi nani alimtafutia wakili mtu aliyekuwa anangojea kitanzi. Katika miaka ile zaidi ya watu 1,000 walinyongwa na serikali ya mkoloni. Hatuulizi nani aliwapelekea wanawe chakula. Vita vina jiko lake, ndugu yangu, na Pinto alikuwa mtu wa jikoni. Alitafuta mawakili. Alikusanya habari za watu waliopigwa na kuteswa, akazipeleka ng'ambo ili ulimwengu ujue. Alichangisha pesa, na si za chakula peke yake. Silaha nazo zilipita mikononi mwake kwenda msituni. Mchana mwandishi, usiku msambazaji.

Sasa, katikati ya moto huo, mtu huyu akaoa. Ilikuwa Januari 1954. Bibi harusi aliitwa Emma. Tarehe 24 Aprili mwaka huo huo jeshi la Waingereza likaizingira Nairobi katika ule msako mkubwa ulioitwa Operesheni Anvil, watu maelfu kwa maelfu wakachujwa kama mchele wenye mawe na kupakiwa malori. Juni ikawa zamu ya Pinto. Miezi mitano ya ndoa! Wewe ambaye umeoa juzi, au unapanga kuoa, hebu jiweke hapo. Hakuna kesi, hakuna hakimu, hakuna kifungo chenye mwisho unaoweza kuuhesabu ukutani. Alipelekwa Takwa, kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, mahali penye magofu ya mji wa kale wa Waswahili, mikoko na mbu. Humo alikuwemo pia Achieng' Oneko, ambaye mahakama ya rufani ilikuwa imemwachilia na serikali ikamshika tena pale pale. Ndiyo sheria ya mkoloni hiyo. Tuliirithi, tukaipaka rangi mpya.

Mwanzoni mwa 1958 Pinto akahamishiwa Kabarnet, kule Baringo, si gerezani tena lakini haruhusiwi kutoka. Mkewe akaweza kwenda kuishi naye. Oktoba 1959 wakamfungulia.

Mtu mwingine angesema: basi, deni langu nimelipa, sasa nilee wanangu. Wala hakuna ambaye angemlaumu. Pinto alirudi mjini na kuanza kuwahesabu waliobaki ndani. Nani bado yuko kizuizini, nani ametoka hana kazi wala shamba, mjane gani ana watoto wangapi. Waliomjua husimulia kwamba pesa hazikukaa mfukoni mwake. Aliingia KANU mapema, akaendesha magazeti ya ukombozi, Sauti ya Mwafrika likiwa mojawapo. Mwaka 1963 akachaguliwa katika Bunge la Afrika Mashariki, na Julai 1964 akaingia Bunge la Kenya.

Na nyumbani? Nyumbani alikuwa baba wa mabinti watatu. Hapa nataka nisimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Mheshimiwa wa leo naye anapenda familia yake, tusimsingizie. Anaipenda kwa zabuni. Anaipenda kwa kiwanja cha shule kilichogeuka kuwa jina la shemeji. Ukimuuliza atakwambia, "Nami nina watoto, unataka wale nini?" Na sisi tunatikisa kichwa, tunaona ana haki, maana tumefundishwa kwamba mwanamume anayejali nyumba yake ni yule aliyeibia nyumba za wengine. Pinto aliivunja hesabu hiyo. Hakuwaona watoto wa mfungwa wa Nyeri kama watu wanaogombea sahani moja na wanawe. Kwake ilikuwa sahani moja.

Kuna wanaosema alimtesa mkewe kwa siasa. Hilo ni swali halali, nami silifukuzi. Emma alilipa gharama ambayo yeye hakuandikiwa wimbo wala kujengewa sanamu. Ila naona si Pinto aliyemnyang'anya mume. Waliomnyang'anya wanajulikana kwa kazi yao: mara ya kwanza walivaa kofia za mkoloni, mara ya pili hawakuvaa kofia.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, ardhi ya walowezi haikurudi bure kwa walioimwagia damu. Ilinunuliwa, kwa mikopo ya Uingereza, na mwenye pesa ndiye aliyepata. Aliyekuwa kizuizini angetoa wapi pesa? Pinto na wenzake waliokuwa karibu na Oginga Odinga wakalipinga hilo ndani ya chama chao wenyewe na ndani ya Bunge. Basi akawa mwiba kwa watu aliowalilia walipokuwa jela. Tafakari jambo hilo ukiwa umekaa.

Jumatano, tarehe 24 Februari 1965, Pinto alikuwa ndani ya gari lake kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwake Westlands. Kiti cha nyuma alikaa binti yake mdogo kabisa. Wakaja watu, wakampiga risasi kwa karibu, wakakimbia. Mtoto hakuguswa na risasi. Baba alikuwa na miaka 37. Siku tatu tu nyuma, Malcolm X, ambaye alikuwa amekutana naye Nairobi, alikuwa ameuawa New York. Pinto akawa kiongozi wa kwanza wa siasa kuuawa namna ile tangu uhuru. Baadaye tukamzika Tom Mboya, 1969. Tukamzika J.M. Kariuki, 1975.

Vijana wawili walishtakiwa, Kisilu Mutua na mwenzake. Mwenzake akaachiliwa. Kisilu akahukumiwa kunyongwa, kisha ikawa kifungo cha maisha. Jaji Mkuu Ainley mwenyewe, akitoa hukumu, alisema kesi ile ilikuwa na sura ya kitu kisichokamilika, na kwamba huenda wote waliohusika hawakuletwa mbele yake. Jaji ndiye aliyesema, si mimi. Na faili likafungwa vivyo hivyo. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 iliyataja mauaji haya. Hakuna mwingine aliyepandishwa kizimbani.

Kisilu alikaa ndani miaka 35. Aliingia wakati wa Jomo Kenyatta, akatoka wakati wa Moi. Mpaka alipotoka alishikilia kwamba alitumwa kumtisha Pinto tu, na kwamba risasi haikutoka kwake. Ukweli wa hilo Mungu anaujua. Lakini umri wake ulikuwa kama wako, ewe unayenisikiliza. Hakuwa na kazi ya maana mjini. Alikuja mtu mwenye pesa na maneno matamu. Uchaguzi ukikaribia, ni wangapi kati yetu hujiwa na mtu wa namna hiyo? Mia tano, chupa, fulana, "nenda ukavuruge mkutano wa yule, kazi ndogo tu." Aliyekutuma wanawe wako shule, tena si shule ya hapa. Ukikamatwa hatakuja kituoni. Hata jina lako hatalikumbuka. Pinto angekuja! Kuwatafutia mawakili watu waliosahauliwa ndiko alikoimaliza ujana wake. Kijana aliyefungwa kwa kumuua alikuwa mtu wa aina ile ile ambayo Pinto angeichangishia pesa za wakili.

Emma baadaye alihama na wanawe kwenda Kanada. Nchi iliyookolewa na mume haikuwa na nafasi ya mjane. Mwaka 2008 serikali ikatoa stempu yenye picha yake, katika mfululizo wa mashujaa wa Kenya. Miaka 43 kupata stempu, na wakati huo watu wameacha kuandika barua.

Amezikwa makaburini City Park, Parklands, kando ya Limuru Road, mwendo wa miguu tu ukitoka Ngara. Wengi wenu mmekwenda pale Jumapili na wachumba kuwalisha nyani njugu, hamkujua mmepita karibu na nani. Hatua chache kutoka kwake amelala Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966 akajiuzulu mwaka huo huo. Murumbi alifariki mwaka 1990. Wakubwa wenzake walizikwa kwenye mashamba yao. Yeye aliomba azikwe karibu na rafiki yake Pinto.