Kutoka "Nilijikuta" hadi "Nilifanya": Kujitambua Kiroho katika Safari ya Kuacha Unga

Mada kwa semina ya wasimamizi na washauri wa nyumba za upataji nafuu



Kila anayeingia katika nyumba zetu huja na kisa chake. Visikilize visa hivyo kwa sikio la mwalimu wa sarufi, utagundua kwamba mtenda hayumo. "Nilijikuta navuta." "Simu ya mama ikapotea." "Marafiki waliniharibu." "Shetani alinipitia." Kiswahili chetu kina ukarimu mkubwa kwa mwenye kosa, kinampa vitenzi vinavyokamilika bila mtu kutajwa. Lakini simu ile ilibebwa, ikauzwa kwa bei ya kete mbili, na aliyeibeba ndiye huyo aliyekaa mbele yako akikuna mkono. Nimekuja na hoja moja tu: kwa mraibu anayepona, kujitambua kiroho huanza siku anapobadili kitenzi.

Nianze na mwili, maana tumezoea kuuruka. Arosto ya heroini huanza ndani ya nusu siku tangu kete ya mwisho, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua katika muda wa wiki hivi. Mtu anayetapika na kutetemeka usimhubirie. Mpe maji, mpe blanketi, na daktari awe karibu. Vilevile tuache ubishi wa kwamba anayekunywa methadoni hajapona. Tangu kliniki ya Muhimbili ilipoanza kuitoa mwaka 2011, nimesikia katika vikao vingi watu wakimwita mnywaji wa methadoni teja mwenye kibali. Mimi naona anayekunywa dawa yake mara moja kila siku akasema kweli yuko mbele kuliko aliyeacha kila kitu na bado anadanganya.

Sasa roho. Hatua 12 tunazozitumia zilitoka Marekani. Mwaka 1935, mjini Akron, Ohio, mchambuzi wa hisa aitwaye Bill Wilson alikutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith, wote wakiwa wametaabishwa na pombe, na kundi la Alcoholics Anonymous likazaliwa. Hatua zenyewe zilichapishwa mwaka 1939. Mwaka 1961 Carl Jung, mtaalamu wa nafsi wa Uswisi, alimwandikia Wilson kwamba kiu ya mlevi, kwa kina chake, ni kiu ya roho inayotafuta ukamilifu. Akakumbusha kuwa Kilatini hutumia neno moja kwa roho na kwa kileo. Sisi tunaonunua spiriti dukani hatuna haja ya kufafanuliwa sana.

Mashehe wengine, na wachungaji wachache, wameniuliza kama hatua hizi si dini ya kigeni iliyovishwa kanzu. Jibu langu ni duka. Wilson, mtu wa biashara, aliieleza hatua ya nne kama kuhesabu mali: mwenye duka asiyejua kilichooza rafuni atafilisika. Zaidi ya miaka 800 kabla yake, Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitumia mfano wa mfanyabiashara na mshirika wake katika kitabu chake cha Ihyaa. Asubuhi unaiwekea nafsi masharti, mchana unaichunga, usiku unakaa nayo kufunga hesabu. Hiyo ndiyo muhasaba. Wakatoliki nao wana kujichunguza dhamiri kila siku. Kitu kilikuwepo, tulikiacha kwenye vitabu tukaenda kukiazima mbali.

Katika nyumba ninayofanyia kazi, hesabu hufungwa baada ya chakula cha usiku, daftari mkononi. Hatuulizi mambo makubwa. Leo nilimdanganya nani? Nilitaka nini nikashindwa kukisema? Na yale manne ambayo wakongwe wanayajua: nilikuwa na njaa, hasira, upweke au uchovu? Vijana hucheka wakiambiwa kwamba kujua una njaa ni jambo la kiroho. Mtu aliyeishi miaka kumi akijua tamaa moja tu, ile ya kete, hana tena majina ya mambo yanayopita ndani yake. Kila kinachomchoma anakiita "hamu". Akiweza kusema "hii ni hasira, kaka kanidharau mbele ya watu," kijiwe kimepungukiwa na mteja kwa usiku huo.

Hapa pana fundo. Hatua ya kwanza inamtaka akiri kwamba hana uwezo mbele ya uraibu. Kisha sisi tunamtaka aseme "nilifanya". Je, hatujipingi? Sidhani. Akishaanza, kusimama hakumo mikononi mwake, na hilo lazima alikiri, tena kila siku. Lakini uongo aliomwambia dada yake saa nne asubuhi ili apate nauli ulikuwa wake. Asiyetofautisha mawili hayo ataishia kujichukia kwa ugonjwa au kujisamehe kwa wizi.

Wapo wanaoacha kila Ramadhani na kurudi Idi pili. Hao tuwaangalie kwa macho mawili: mwezi mmoja bila unga, mwili umekwisha kupoteza uzoefu wa kipimo, ila mkono unakikumbuka kile kile cha zamani. Tumezika watu namna hiyo.

Kuhusu kukiri mbele ya mwingine, nasema kwa uchungu kidogo. Niliwahi kutembelea nyumba moja ambako kijana alisimamishwa katikati ya wenzake asome daftari lake kwa sauti huku wakimzomea. Wakaniambia ndiyo tiba. Fedheha humfanya mtu ajifiche zaidi, na maficho ya mraibu tunayajua yako wapi. Daftari lina msomaji mmoja, aliyechaguliwa na mwenyewe, na yasemwayo hapo yafie hapo.

Linabaki suala la haki za watu. Wanazuoni wanasema toba ya kosa lililomgusa mja haitimii mpaka haki yake irudishwe au aombwe radhi. Tatizo letu la pwani ni kwamba radhi hutolewa upesi mno. "Nimekusamehe mwanangu, yaishe," na kijana hajataja hata alichochukua. Kijana mmoja niliyemsindikiza kwao alikatizwa hivyo na mama yake mara mbili. Mara ya tatu akashikilia: "Mama, cherehani haikupotea. Niliichukua mimi." Mama akanyamaza. Akauliza aliuziwa nani. Akaambiwa. Kwa kiasi gani? Elfu thelathini. Basi hapo yule mama akalipuka: cherehani yake, iliyosomesha watoto watatu, elfu thelathini! Alimgombeza mpaka adhuhuri, nami nikiwa nimekaa mkekani nikitazama vidole vyangu.

Njiani kurudi, kijana alikuwa karibu kucheka. Akaniambia hajagombezwa vile tangu aanze unga. Miaka yote hiyo, alisema, walikuwa wakimhurumia tu.