Wakulima Wangapi?



Nilipokuwa mwandishi mchanga nilitumwa kijijini kuandika habari za mbolea. Kando ya barabara nikamkuta mzee mmoja, akaniambia mbolea ya dukani inaua ardhi. Niliporudi nikaandika: "Wakulima waikataa mbolea." Mhariri akasoma, akanitazama, akauliza, "Wakulima wangapi?" Sikuwa na jibu. Mzee yule alikuwa amesema lake. Mimi ndiye niliyemfanya asemee watu ambao hawakumtuma.

Wahitimu, hata mfano wa kweli una mpaka wake. Mchukueni mwimbaji Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, akakua akitembeza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikarekodiwa kwenye santuri. Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Sasa, mtu akidai kwamba mwanamke maskini hawezi kamwe kusikika nje ya kijiji chake, Siti peke yake anatosha kuliangusha dai hilo. Hahitaji wa pili. Lakini mkiandika kwamba kila mwenye kipaji akijituma atafika, Siti huyohuyo hawezi kuwasaidia. Wauza vyungu wangapi walikuwa na sauti njema, wasipate wa kuwafundisha muziki? Hao hawakuandikiwa wasifu. Nimewawaza mara nyingi kuliko nilivyomwaza Siti mwenyewe.

Sisemi muiache mifano. Msomaji haioni njaa mpaka aone chungu kimeinjikwa maji matupu. Ila kabla hamjauweka mfano wenu, tokeni mkautafute ule unaoupinga, na mkiupata, msiufiche.

Na liko jambo la humu ukumbini. Tangu leo ninyi wenyewe mmekuwa mifano. Majirani watawaambia watoto wao: "Mwoneni huyu, kasoma kwa koroboi na leo ana shahada. Asiyefika huko ni uvivu wake." Mtasifiwa, na mtavutwa kunyamaza. Nawaomba msinyamaze. Mtajeni na yule mliyeanza naye mwaka wa kwanza, aliyekuwa akiwaelekeza usiku wa kuamkia mtihani, akafunga begi lake muhula wa pili kwa kukosa ada.